Kiwiko cha Mathew

Mwika, 14 Aprili 2024

Shemeji yangu Yakobo,

Naomba barua hii ikukute mzima, na joto la huko Salala ng'ambo lisiwe limekumaliza. Huku masika yameanza kwa fujo. Jana maji yalipita nyuma ya jiko yakabeba mbolea yote niliyokuwa nimelundika. Yule ng'ombe mweusi amezaa, dume. Mama yenu anaendelea. Asubuhi miguu inamsumbua, lakini mchana anashuka mwenyewe mpaka kwa jirani yetu Hilaria kupiga soga. Lucky amerudi chuoni Dodoma. Katekista Mathew anakusalimu. Tangu tumzike kaka yako mwezi wa pili hajawahi kupita hapa bila kuingia.

Utashangaa kupata karatasi. Simu nimeizima. Nimeifunga kwa kitenge na kuiweka ndani ya debe la maharage.

Ni ile VPN. Unakumbuka siku ya mazishi uliniambia mtandao wa kambi yenu ya kazi umefungia simu za picha, nikapakua ile ya bure uliyonichagulia, yenye picha ya ufunguo wa kijani, ili nawe umwone kaka yako akishushwa. Niliipakua nikiwa jikoni, mikono ina unga. Ikaniuliza, niione orodha ya watu wako? Nikaruhusu. Nitume ujumbe? Nikaruhusu. Siku ile watu walikuwa wanaingia uani kutoka kila upande, wengine siwajui, na msibani hatumzuii mtu mlangoni. Nadhani na simu niliifanyia hivyo hivyo.

Baadaye simu ikawa inapata moto kama pasi, bando linaisha sijui limekwenda wapi. Kisha wiki iliyopita Paroko akanisimamisha baada ya misa. "Mama Lucky, nimepata ujumbe wako." Ujumbe gani, Baba? Akanionyesha. Mimi, Zita, namkaribisha Paroko acheze kamari ashinde pikipiki. Mathew naye ameupata. Hilaria ameupata, na yeye akaubonyeza. Anasema alitaka tu kuona rangi ya pikipiki.

Wote wanacheka. Mimi nimeshindwa. Nilimpigia Lucky kwa simu ya Hilaria, akasema, "Mama, reset tu simu yote, yaishe, usijistress." Maana yake ni kufuta kila kitu, simu ibaki kama ilivyotoka dukani. Sikumwambia kwa nini siwezi. Wewe nakuambia. Sauti za kaka yako Basili ziko humo, zile alizonitumia akiwa wodini Mawenzi. Unajua alivyokuwa. Kwanza anakohoa kidogo kama mtu anayetaka kusoma somo kanisani, halafu anasema, "Alo, Zita, ni mimi Basili." Kana kwamba nisingemjua. Anaongelea kuku. Anaongelea mgomba wa kule chini, usikatwe kabla ndizi hazijakomaa. Hakuna la maana humo, lakini sina nyingine.

Nataka unitafutie majibu. Je, hao wenye ufunguo wa kijani wanamsikia? Na je, sauti hizo zitapona? Mpaka nijue, siiwashi.

Halafu, sijawahi kukuuliza. Uliona nilivyotupa udongo wako kaburini? Nilitupa wangu, kisha nikachota mwingine nikasema, "Huu wa Yakobo."

Shemeji yako,
Zita


Salala, 17 Mei 2024

Shikamoo Mama Lucky,

Barua yako imefika imelowa kona moja, nikafikiri ni ile mvua iliyobeba mbolea. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, kutengeneza mashine za baridi kwenye ghala la ndizi. Ndizi huku zipo nyingi, lakini nikimenya mbichi nipike mtori wenzangu wananitazama kama nimechanganyikiwa. Anayekula nami ni mmoja tu, Nurdin, tunayekaa chumba kimoja. Ni mtoto wa Moshi mjini, Majengo. Anasema mtori wangu ni mzito mno, kisha anaongeza.

Nimemsomea Nurdin sehemu ya simu, ile nyingine sikumsomea. Amenisema sana. "Yaani ulimchagulia shemeji yako VPN kwa kuangalia rangi?" Siku ile nilichukua ya kwanza iliyotokea.

Nikueleze nilivyoelewa. Unapotumia mtandao, wenye njia wanaona unakwenda wapi. VPN inafunga mzigo wako ndani ya gunia, wao waone gunia tu. Lakini aliyelifunga gunia sasa anajua safari zako zote, badala ya wenye njia. Kwa hiyo swali la kwanza si kama ni ya bure. Ni nani anayefunga, na anaishi kwa kitu gani kama wewe humlipi. Yule wa ufunguo wa kijani inaelekea anaishi kwa kuuza majina ya watu wako.

Kama alisikia sauti, sijui, na sitaki kukudanganya. Usiiwashe, na usimkubali Lucky aifute. Nurdin ana dada yake, anaitwa Rukia, anatengeneza simu pale sokoni Kiboriloni. Mpelekee yeye, usimpe mwingine.

Asante kwa udongo. Mazishi yalikuwa mazuri, na kwaya iliimba vizuri sana. Msalimie mama, mwambie nakula.

Ni mimi,
Yakobo


Mwika, 23 Juni 2024

Yakobo shemeji,

Asante kwa maelezo, nimeyasoma mara nyingi na la gunia nimelielewa. Baridi imeshuka, ukungu hautoki mpaka saa sita, na mlima hatujauona wiki nzima. Buni zimeanza kuiva upande wa juu. Dume la ng'ombe limekuwa na kichwa kigumu, Hilaria amelipa jina la baba mkwe wake. Lucky amefaulu mitihani. Mama yenu anauliza kama huko unapata pa kwenda kusali. Nimemwambia ndiyo. Kama si kweli, fanya iwe kweli.

Kiboriloni sijakwenda. Kwanza ilikuwa mvua, sasa ni kahawa. Ukweli ni kwamba nimeshatoka mara moja na simu kwenye kikapu, nikafika njia panda ya Himo, nikashuka, nikanunua chumvi nikarudi. Niliwaza huyo Rukia, hata akiwa mtu mwema, ili ajue kama sauti zimepona itabidi azisikilize. Akae pale katikati ya makelele ya soko, amsikie Basili akiniuliza kama nimekula. Wale wa mtandaoni siwaoni. Huyu nitamwona usoni.

Na pia nikiiacha kwenye debe, naweza kusema bado zimo.

Kwaya haikuimba, Yakobo. Siku ile walikuwa na mazishi mengine kijiji cha Mamba, sisi tulisali rozari tu. Sikuandikii kwa ubaya. Nimeona tu niseme.

Wako,
Zita


Salala, 2 Agosti 2024

Shikamoo Mama Lucky,

Huku sasa ni msimu wa manyunyu, milima ya Salala imekuwa ya kijani, ukungu unashuka mpaka barabarani. Jumapili iliyopita nilisimama nje ya kanisa (ndiyo, ninakwenda) nikadhani nitasikia mtu anaita kwa Kichagga. Mpongeze Lucky kwa niaba yangu. Nurdin anakusalimu, amekatwa na bati kidole lakini kinapona.

Barua yako nimekaa nayo muda kabla ya kujibu. Habari ya kwaya niliibuni, kwa sababu sikusikia kitu. Picha iliganda. Nilimwona Mathew akiinua mkono kubariki, ikakwama hapo hapo, kwenye kiwiko chake na jani moja la mgomba. Sikukata. Niliogopa nikikata haitarudi. Nilikaa kitandani nimevaa shati jeupe, mpaka wewe ukanitumia ujumbe kwamba tumemaliza. Mama Lucky, nimemzika kaka yangu nikitazama kiwiko cha Mathew. Ningekuambiaje, wakati ulisimama na simu mkononi muda wote ule kwa ajili yangu?

Ndiyo maana nilipozisoma habari za sauti nilishindwa kulala. Mimi sina sauti yake, hata ya kuku.

Kwa hiyo safari hii sikuchagua kwa rangi. Kwanza nilikwenda kwa msimamizi wa kambi, maana sitaki kufukuzwa. Amesema siku ya mapumziko, kwa kuongea na nyumbani, hana neno. Basi mimi na Nurdin tumechukua VPN mbalimbali tukazijaribu, na aliyetusaidia ni Shani, mke wa Nurdin, aliyeko Majengo. Kila Ijumaa tunampigia, anapunga mkono mbele ya kamera na kuhesabu kwa sauti, tuone kama mkono na sauti vinafika pamoja. Ijumaa iliyopita akachoka. "Nyie wanaume mmenigeuza trafiki. Nurdin, hata hujaniuliza nimeamkaje."

Moja tuliitupa kabla ya kuijaribu, iliomba majina ya watu wetu. Ya nini, kama kazi yake ni kufunga gunia? Nyingine ilijigamba kwamba ukiiwasha unaonekana uko Uholanzi. Kuna ukurasa unaokuonyesha dunia inakuona wapi. Tukaufungua, ukasema Salala, tena na jina la mtandao wa kambi. Gunia limetoboka. Ya tatu haikutoboka, ila ilikuwa nzito, Shani alionekana kama amechorwa kwa mkaa. Iliyobaki tunailipia mimi na Nurdin. Ikikatika ghafla inafunga mtandao wote mpaka irudi, haikuachi wazi bila kukuambia. Inasema haitunzi kumbukumbu za unakokwenda. Kila mtu anaweza kuandika hivyo, lakini hawa wamewaita wakaguzi wa nje na ripoti imewekwa wazi, Nurdin ameisoma mpaka mwisho na kamusi pembeni. Tukiiwasha kasi inapungua kidogo tu, Shani anatabasamu na tabasamu linafika likiwa zima.

Hata hivyo siiamini kama ninavyokuamini wewe. Naiamini kwa kupiga simu nyumbani, basi.

Tumegundua na jambo lingine, nalo limenitia aibu. Shani hana VPN yoyote kwenye simu yake. Kufuli liko upande wetu, kambini, kwa hiyo anayehitaji ni mimi peke yangu. Wewe hukuhitaji ule ufunguo wa kijani hata siku moja. Nilikuambia uweke kwa sababu nilidhani lazima tuwe sawa, kama redio mbili kwenye stesheni moja.

Nakuomba uende kwa Rukia. Ningeweza, ningekutumia jani la sale la kuomba msamaha ndani ya bahasha hii, ila huku hayaoti.

Yakobo


Mwika, 15 Septemba 2024

Yakobo mdogo wangu,

Leo nakuita hivyo, kama alivyokuwa anakuita yeye.

Salamu za nyumbani zote ni njema. Kahawa tunamalizia, uani kote kuna buni zimeanikwa na kuku wanafukuzwa tangu alfajiri. Mama yenu nimemsomea barua yako yote. Aliposikia kiwiko cha Mathew alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akalia, kisha akaagiza Mathew aitwe aje kusomewa mwenyewe. Mathew akakunja mkono akautazama. "Kumbe ndicho alichobaki nacho," akasema. "Ningejua, ningevaa koti zuri."

Sale usitafute. Limeota la kutosha kuzunguka kaburi, na hakuna cha kuombana msamaha.

Nilikwenda. Jumanne, siku ya soko, sikushuka Himo. Rukia nilidhani ni mtu mkubwa, kumbe ni msichana mwembamba, ana kibanda kati ya muuza mitumba na mama wa dagaa. Nikamwambia nimetoka kwa Nurdin. Akasema, "Yule bado anakula kama shimo?" Nikaona nimefika.

Nilimweleza kila kitu, na la sauti pia, kwa sauti ya chini. Hakucheka. Akatoa laini kwanza, akaiwasha simu bila mtandao, akaenda mahali ambapo pameandikwa kila kitu ulichokiruhusu. Mimi nilikuwa natazama kopo lake la misumari midogo, siwezi kutazama simu.

"Mama," akasema, "umeiruhusu majina na ujumbe. Mafaili haikuomba. Ingeomba ungeipa?"

Nikasema siku ile ningeipa hata ng'ombe.

"Basi haikuomba. Na kama haikuomba haikufika huko. Ilikuwa na shida na watu wako, si na mzee."

Yakobo, nilikaa juu ya gunia la mtu. Mama wa dagaa akaniletea maji.

Kisha akaanza kuzihamishia kwenye memori kadi. Alisema lazima afungue moja ahakikishe imehama nzima, akavaa vile vitu vyake vya masikioni. Nikamwona anasikiliza. Mara moja tu, pengine ilikuwa pale pa kukohoa na "Alo, Zita". Akavivua haraka akanivalisha mimi. "Hii si ya kusikiliza mimi, mama. Sikiliza wewe, uniambie kama imekamilika."

Nilimsikiliza pale sokoni. Alikuwa anasema mlango wa kuku una bawaba mbovu. Nikamwambia Rukia imekamilika. Akanipa inayofuata, nikamwambia imekamilika, mpaka zikaisha. Ndipo akaifuta simu yote, nikaangalia bila hofu. Nakala nyingine ameiweka kwenye kadi ya pili, niiweke mbali na ya kwanza. Ipo kwenye kabati la mama yenu, ndani ya soksi.

Lucky anasema nilikuwa nimtumie yeye simu toka mwanzo. Nimemwambia kuhusu sauti. Akasema kwenye simu, "Mama, pole. Na ile ya bawaba, nitumie." Bawaba amekuja kuitengeneza mwenyewe.

Ufunguo wa kijani haupo tena. Paroko hapati kitu kutoka kwangu isipokuwa sadaka.

Zita


Salala, 25 Oktoba 2024

Shikamoo Mama Lucky,

Niliifungua barua yako nikiwa juu ya ngazi ndani ya ghala, nikashuka ili niisomee chini. Nurdin alinikuta nimekaa kati ya makreti ya ndizi na akadhani nimeanguka. Nimemwambia dada yake ni mtu kweli. Akasema, "Sasa na mimi nisifiwe, nilisoma ripoti yote."

Sijui niandike nini kingine. Nina raha. Mpe mama mkono wangu.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja ni zamu yangu ya mapumziko. Nitakupigia mchana kabla mawingu hayajashuka huko kwenu. Wewe usiweke kitu chochote, shika simu tu. Kama haitakuchosha, naomba unipeleke chini kwa kaka.

Yakobo


Mwika, 1 Desemba 2024

Mdogo wangu Yakobo,

Simu yangu inafanya kazi, ningeweza kukupigia. Naandika kwa sababu juzi kwenye simu hatukusema karibu kitu chochote, na hii nilitaka uwe nayo mkononi.

Watu wa Dar wameanza kupanda kwa ajili ya Krismasi, magari yanapishana kwa shida kwenye njia ya kwetu. Mama yenu ameshaanza kuulizia pombe ya mbege ya sikukuu itakorogwa na nani. Amekuwa akiwaeleza wote kwamba amekuona, na kwamba umenenepa shingo. Dume tumelifunga, lilikula masale.

Juzi uliponiambia "nipeleke", nilikuwa nimeshavaa. Nilitaka uone njia yote, ndiyo maana nilitembea taratibu. Ulipita jikoni, ukaona mlango wa kuku na bawaba mpya. Ukamwona Hilaria kwenye uzio akikupungia na ufagio, akipiga kelele kuuliza kama bado unampenda. Ukauona ule mgomba wa kule chini. Tuliuacha mpaka ukakomaa, kama alivyosema, na sasa umetoa watoto watatu.

Pale kaburini nilimpa Mathew ashike simu. Alikuwa amevaa koti la harusi yake na mkono ameubana ubavuni, anaogopa kukuziba. Nikachota udongo, nikautupa, nikasema tena, "Huu wa Yakobo." Kisha nikachukua kisimu cha Hilaria nilichokiwekea ile kadi, nikakibonyeza. Akakohoa. "Alo, Zita, ni mimi Basili."

Nilipomaliza nilikutazama. Ulikuwa hutikisiki. Uso ule ule, mdomo umefunguka kidogo, macho mahali pamoja. Mathew akanong'ona, "Imeganda tena." Niliwaza ile kazi yote yenu, na Shani akipunga mkono, na Nurdin na kamusi yake, na bado hukumsikia.

Lakini nyuma yako, kwenye kamba, palikuwa na kanzu ya Nurdin imeanikwa, na upepo wa feni ulikuwa unaipeperusha, inakwenda na kurudi. Nikaitazama kwa muda. Ilikuwa inatembea vizuri kabisa.

Nikamwambia Mathew, "Haijaganda. Mwache amsikilize." Nikakibonyeza tena.

Zita